Fundi Jibu: Vigae vya mkono kwenye fayaplesi

Kipupwe kimeingia na barua za fayaplesi zimejaa, wale wa mabati na mashimo ya choo mnisamehe, mtajibiwa mwezi ujao. Karibu wote mnalia kilio kimoja: mmechoka na marumaru za dukani zinazong'aa kama sakafu ya benki, mnataka vigae vya udongo vilivyotengenezwa kwa mkono, hata kama vimepinda kidogo. Naunga mkono kabisa. Ila kabla hujachagua rangi jua kwanza moto wako unafika wapi, maana barua nyingi za malalamiko zinatoka kwa watu walioanzia kwenye rangi.

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Njombe, tumemaliza nyumba mwaka jana na sebuleni tuna fayaplesi ya matofali iliyopigwa ripu tu, imekaa uchi. Mume wangu anataka marumaru za dukani, mimi nimempata mama mmoja mfinyanzi anatokea Ikombe kule upande wa Kyela, anafinyanga vyungu vizuri sana, nikamuuliza anaweza kunitengenezea vigae akasema hajawahi ila atajaribu. Je vitahimili moto? Mume wangu anasema vitapasuka siku ya kwanza na hela itakuwa imekwenda.
Mama Wawili, Njombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mama usimwachie. Wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe vyungu vyao vimeuzwa miaka na miaka kwa mitumbwi huko Ziwa Nyasa, na chungu kinachokaa juu ya mafiga kinaungua kila siku kwa hiyo udongo wao unajua moto kuliko marumaru ya mumeo. Lakini kigae si chungu. Chungu kina mviringo, kikikauka kinajivuta pande zote sawa, kigae ni bapa na bapa lina tabia ya kukunja kingo kwa sababu pembeni kunakauka kabla ya katikati, asubuhi unakuta kimekuwa sahani.

Kwa hiyo ongea naye mambo haya. Kwanza achanganye udongo na vyungu vilivyovunjika, avitwange vizuri kwenye kinu mpaka viwe kama mchanga mnene, sehemu moja ya chenga kwa sehemu nne za udongo hivi. Hizo chenga zimeshaungua tayari hazisinyai tena, ndio zinazuia kigae kisijikunje wala kisipasuke. Pili, asifinyange kwa vidole, achukue vijiti viwili vyenye unene wa sentimita moja na nusu mpaka mbili, aweke udongo katikati, asukume na chupa au mti wa kusukumia chapati juu ya vijiti, hapo unene unakuwa mmoja. Tatu, udongo ukikauka na kuchomwa unapungua, mwingi unapungua kati ya asilimia 8 na 12, kwahiyo ukitaka kigae cha sentimita 15 akate cha 16 na nusu. Afanye kigae kimoja cha majaribio apime kabla na baada, asikisie.

Kikishaanza kuwa kigumu kama ngozi ya viatu hivi, akigeuze akwaruze mgongo kwa kijiti mistari mistari ili gundi ipate pa kushika. Halafu kukausha, na hapa ndipo watu wanaharibu kwa haraka: kivulini, katikati ya mbao mbili zenye magazeti, anageuza kila siku, wiki mbili hata kama jua linawaka nje. Kikiwa bado na maji ndani kikiingia motoni maji yanageuka mvuke na kigae kinaruka vipande, utasikia mlio. Wakati wa kuchoma avisimamishe kwa ukingo, asivilaze kimoja juu ya kingine, na moto uanze mdogo mdogo kwa masaa kadhaa kabla ya kuongeza.

Vikitoka, vipime. Kigonge kwa kucha, kinatakiwa kilie. Halafu kitupe kimoja kwenye ndoo ya maji kilale humo usiku mzima, asubuhi ukikikuta kimelainika au kimekuwa tope ujue hakikuiva, rudisha vyote. Agiza vya ziada, moja ya tano juu ya unavyohitaji, maana vitavunjika tu.

Sasa la mumeo. Ana haki nusu. Vigae hivi vinakaa usoni mwa fayaplesi, yaani pembeni na juu ya mdomo, na kwenye sakafu ya mbele. Ndani ya tumbo pale kuni zinapowaka haviingii, hata vya nani, hata vya Ulaya. Pale ni matofali maalum ya kuhimili moto na udongo wake basi. Moto ukigusa kigae moja kwa moja upande mmoja unakuwa wa moto sana na wa pili wa baridi, glezi, yaani ule utando kama kioo wa juu, inachubuka na mwili unabanduka tabaka tabaka. Mwambie mumeo hivyo mtapatana.

Na vigae vya mfinyanzi visivyo na glezi vinakunywa kila kitu, masizi, mafuta, chai ya wageni. Ukishavibandika na kukauka pakaa sila ya mawe ile inayoingia ndani, isiyoacha utando, kabla hujaweka grauti (ule mchanganyiko wa kujaza mianya), la sivyo grauti itachafua uso na hutaitoa.

SWALI: Habari yako fundi. Niko Limuru, huku baridi ya Julai si mchezo. Nilinunua tailizi za mkono za bei, kijani zenye majani, fundi akaziweka vizuri, nikafurahi. Mwezi wa pili wa kuwasha moto zile za juu ya mdomo zikaanza kuanguka moja moja, zikianguka nyuma zina gundi nyeupe laini kama sabuni. Fundi anadai ni tailizi mbaya. Ni kweli?
Aliyechoka kuokota, Limuru

JIBU: Pole dadangu. Hiyo nyeupe laini umeshajijibu mwenyewe. Ni gundi ya ndoo, ile inayouzwa imeshakorogwa tayari, fungua upake. Kwa ukuta wa bafu ni sawa, kwa fayaplesi hapana, inalainika ikipata joto na kigae kizito kinateleza kwa uzito wake. Juu ya mdomo ndiko joto linakopanda ndio maana za pembeni bado zimeshika. Tailizi hazina kosa.

Unachotaka ni gundi ya unga yenye saruji, inakorogwa na maji, na kwenye mfuko iwe imeandikwa inafaa sehemu za joto. Ila usibandike tu upya juu ya mabaki ya ile nyeupe. Kwangua yote mpaka uone ripu, na kama chini kulikuwa na rangi ya mafuta kwangua nayo, gundi haishiki rangi. Na muulize fundi nyuma kuna nini. Kuna watu siku hizi wanajengea uso wa fayaplesi kwa jipsamu au plaiwudi ili uso unyooke upesi, kisha vigae juu yake, hiyo plaiwudi kwanza inaungua halafu hata kabla ya kuungua inavimba na kusinyaa. Nyuma ya vigae pawe matofali, mawe, ripu ya saruji au ubao wa saruji. Mbao yoyote, hata ya shelfu ya juu, isisogee karibu ya sentimita 15 na mdomo wa fayaplesi, na shelfu inayotokeza mbele kwa sana ndio uisogeze juu zaidi.

Kingine, angalia kama kuna ufa uliolala sambamba na chuma cha linta, kile kinachobeba matofali juu ya mdomo. Chuma kikipata moto kinarefuka kuliko matofali, kikibanwa kinasukuma vigae. Kama kuna ufa wa mstari mmoja pale juu, fundi aache mwanya mwembamba pale kwenye chuma ajaze silikoni ya joto kali badala ya grauti.

Ukishamaliza usiwashe kesho yake! Saruji inahitaji wiki nne hivi kukomaa, halafu moto wa kwanza uwe wa vijiti viwili vitatu tu, kesho kidogo zaidi. Najua Julai hakuna mtu wa kusubiri wiki nne, vaa sweta.

SWALI: Fundi mimi nipo Leicester, Uingereza. Tumenunua nyumba ya zamani ile ya kuungana, wanasema ya enzi za Malkia Victoria. Chumbani kuna fayaplesi ndogo ya chuma imepakwa rangi nyeupe yote, nikakwangua kidogo kwa kisu nikakuta chini kuna vigae vya maua, vimekaa wima kila upande. Mke wangu anataka tuving'oe tuweke vipya vya mkono vya rangi ya bluu kutoka Moroko. Unashauri nini?
Mtanga wa Leicester

JIBU: Ndugu yangu Mtanga, acha kisu kwanza. Rangi za zamani huko zina risasi, yale madini yenye sumu, ukikwangua ikakauka vumbi lake watoto wanalila na mikono. Usitumie msasa wala grinda wala moto wa kuchoma rangi. Kuna dawa ya kubandika kama uji, unapaka, unafunika na karatasi yake, baada ya siku moja au mbili inatoka na tabaka zote za rangi kwa pamoja ikiwa bado mbichi. Jaribu kwenye kigae kimoja cha chini ambacho hakionekani.

Nadhani utakuta vigae vitano kila upande, vya inchi 6, ndio mpangilio wa nyumba nyingi za aina hiyo. Kiwandani vilikuwa vinatoka kwa maelfu, Minton, Maw, Craven Dunnill na wengine, kwa hiyo si kila ua ni dhahabu. Vingi picha yake ilichapwa kwa karatasi ndipo ikajazwa rangi kwa mkono, ukitazama kwa karibu utaona vidoti au mistari midogo ya chapa, na rangi imetoka nje ya mstari pale mtu alipochoka. Vingine vimebonyea, glezi imejaa mabondeni na kuwa nzito, kijani kinakolea chini na kufifia juu. Hivyo mimi navipenda kuliko vyote na kamwe nisingeving'oa. Kama nyuma kuna muhuri wa William De Morgan, mtengeneza vigae maarufu wa Uingereza, simama hapo hapo, mwite mtaalamu.

Sasa jambo ambalo watu hawalijui: fayaplesi za namna hiyo vigae havijabandikwa kutoka mbele. Vimeingizwa kutoka nyuma ya fremu ya chuma, vimeshikwa na vyuma vidogo na plasta. Ukipiga patasi kutoka mbele unavivunja vyote. Chuma chote kinafunguliwa ukutani, kinalazwa chali juu ya blanketi, unavitoa taratibu kwa nyuma. Na kabla hujafanya hivyo mwite mtu wa kupima asbesto, maana kwenye fayaplesi za zamani na zile zilizozibwa baadaye walikuwa wakiweka kamba au ubao wa asbesto nyuma, Uingereza waliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 tu.

Ushauri wangu kwa shemeji: acheni vya maua hapo chumbani, na hivyo vya bluu viwekeni kwenye sakafu ya mbele, maana naamini sakafu yenu imeshavunjika au imemwagiwa saruji. Vikipungua vya maua kimoja viwili, huko Jackfield, Shropshire, ndani ya kiwanda cha zamani cha Craven Dunnill kuna makumbusho ya vigae na bado wanatengeneza vya kufanana na vya zamani. Siku ya kupumzika mpande treni mkaangalie, hata kama hamnunui.

Na kuwasha? Dohani za vyumbani nyingi zimezibwa au zimejaa viota. Mwite mfagia dohani kwanza, funga kengele ya gesi ya kaboni monoksaidi, na uliza halmashauri yenu kama mtaa wenu upo kwenye eneo la kudhibiti moshi, huko sheria ya hewa safi ipo tangu 1956 na faini zipo.

SWALI: Mwalimu wa sanaa hapa, Nakuru. Wanafunzi wangu wanataka kupamba fayaplesi ya ukumbi wa shule kwa vigae vya picha za hadithi. Tumenunua tailizi nyeupe na rangi za akriliki. Tuendelee?
Tr. wa Nakuru

JIBU: Msiendelee mwalimu. Akriliki ni plastiki, kwenye joto inanuka, inageuka njano na kubanduka. Rangi ya kigae lazima ichomwe na kigae. Tafuta karakana ya ufinyanzi yenye tanuri, nunua vigae vilivyochomwa mara moja bila glezi, watoto wachore kwa rangi za chini ya glezi, kisha glezi angavu isiyo na risasi juu, vichomwe tena kwa nyuzi 1,000 na kidogo kulingana na glezi yenyewe.

Wazo lenu lenyewe ni zuri na lina wazee wake. Waholanzi wa karne ya 17 na 18 walijaza fayaplesi zao vigae vya bluu na vyeupe, vya kama sentimita 13, kila kimoja na picha yake: watoto wanacheza, meli, Yona na samaki, Ibrahimu. Kuna mhubiri wa Kiingereza Philip Doddridge, amezaliwa London 1702, mama yake alimfundisha hadithi za Biblia kutoka kwenye vigae vya Kiholanzi vya fayaplesi yao kabla hajajua kusoma.

Na mbinu yao watoto wataipenda. Mchoro unawekwa kwenye karatasi, unatobolewa kwa sindano mstari wote vitundu vidogo vidogo, karatasi inalazwa juu ya kigae, unapigapiga juu yake kwa kitambaa kilichofungwa unga wa mkaa, ukiinua unakuta mchoro wa vidoti. Baada ya hapo brashi. Wao walichora juu ya glezi mbichi ya bati, ambayo ni unga mtupu, inanyonya rangi papo hapo na hakuna kufuta, kwa hiyo mchoraji alikuwa na mkono wa haraka. Watoto wako waanze na rangi za chini ya glezi ambazo zina huruma kidogo.

SWALI: Hujambo fundi. Tuko Detroit, tumehamia nyumba ya miaka ya 1920. Fayaplesi ina vigae vya kijani na kahawia vya ovyo ovyo, kila kimoja na rangi yake, dalali alituambia tupake nyeupe ili sebule iwe na mwanga. Jirani mzee akasema tukipaka ataacha kutusalimia.
Familia ya Bukavu

JIBU: Msikilizeni jirani. Detroit ndiko kwenye Pewabic, karakana ya vyungu na vigae iliyoanzishwa 1903 na Mary Chase Perry pamoja na jirani yake Horace Caulkins, ambaye kazi yake ilikuwa vifaa vya madaktari wa meno na tanuri lake ndilo walianzia. Ipo mpaka leo barabara ya East Jefferson. Glezi zao zinajulikana kwa kubadilika rangi ukisogea, leo kijani kesho shaba. Si lazima vyenu viwe vyao, viwanda vilikuwa vingi, ila pigeni picha mchana kwenye mwanga wa dirishani mkawaonyeshe. Hizo "ovyo ovyo" zilipangwa hivyo makusudi. Rangi nyeupe juu yake haitoki tena vizuri, inaingia kwenye vitundu vya glezi isiyong'aa. Osheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo isiyo kali, siki na ndimu msiguse kabisa, asidi inakula glezi na grauti. Sebule ikiwa na giza pakeni ukuta.

SWALI: Fundi naishi Mbezi, Dar. Nimeona mtandaoni fayaplesi nzuri yenye vigae vya mkono nimeipenda. Nijenge?
Baba Junior

JIBU: Baba Junior, Dar?! Na joto hilo? Sawa, hela ni yako. Lakini kama unachopenda ni ule ukuta wenye vigae, pwani tuna mila yetu bila moto. Pita hapo Kunduchi uone makaburi ya minara, walipachika mabakuli ya Kichina ukutani, na nyumba za zamani za Lamu zina zidaka za plasta ukuta mzima za kupangia sahani na vyombo vya kaure. Mwambie fundi akujengee zidaka sebuleni, ndani ya kila kidaka weka vigae vya mkono mgongoni na taa ndogo juu. Utatumia vigae vichache, vya bei nzuri, na hakuna kufagia majivu.

SWALI: Fundi wangu hapa Lushoto anagoma. Nimeleta vigae vya mkono, anasema havilingani, kimoja kinazidi kingine kwa milimita tatu nne, eti hawezi kuaibika. Nimwambie nini?
Dada wa Lushoto

JIBU: Fundi wako ni mzuri, ila amezoea marumaru za mashine. Mwambie aweke vile vijimisalaba vya plastiki mfukoni, hapa havifanyi kazi. Kwanza vigae vyote mvimwage sakafuni mbele ya fayaplesi, mchore kwa chaki ukubwa wa uso wenyewe, mpange vikavu mpaka wewe mwenye nyumba uridhike. Changanyeni maboksi, kwa sababu kila tanuri lina rangi yake na mkipanga boksi kwa boksi mtapata mabaka. Vinavyozidi viende pamoja mstari mmoja, vinavyopungua mstari mwingine. Kisha piga picha kwa simu na uandike namba kwa chaki mgongoni.

Mwanya wa grauti usiwe milimita mbili, uwe sita mpaka kumi, upana huo unameza tofauti yote. Avute uzi kila mstari wa pili wa tatu, ajirekebishe kwenye uzi kwa kutumia kabari ndogo za mbao, siyo kwa kufuata ukingo wa kigae kilichotangulia. Gundi apake ukutani na mgongoni mwa kigae pia, kwa kuwa migongo hailingani kutabaki mashimo ya hewa. Grauti iwe ya mchanga, rangi ya kijivu au ya udongo, nyeupe itaonyesha kila kasoro na masizi ya wiki ya kwanza. Sakafu ya mbele itokeze angalau sentimita 40 na ipite mdomo sentimita 20 kila upande, kama mdomo ni mkubwa sana iwe 50 na 30, cheche haziulizi. Vya pembeni vya kukata akate kwa grinda yenye diski ya almasi huku msaidizi anamwagia maji taratibu, kile kikatio cha kuchana na kuvunja kwenye kigae kinene cha mkono kinavunja kinapotaka chenyewe.